Mpishi wa Ujiji



Wapendwa waamini, na ninyi nyote wasomaji wenye mapenzi mema, juma hili nawaalika tuingie jikoni. Natambua kwamba kwa desturi zetu mwanamume anayeingia jikoni bila kuitwa hutazamwa kwa mashaka, na akiwa padre mashaka huzidi, maana hudhaniwa kwamba amenusa kitu. Basi tuingie kama watu wa historia, tena historia ya hapa hapa kwetu, katika mji wa Ujiji.

Kila mtoto wa Kigoma aliyepita darasani amesikia habari za Ujiji na mwembe wake. Wageni hupelekwa mahali pale, wakaonyeshwa miembe inayosemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa zamani, wakaonyeshwa mnara wenye ramani ya Afrika iliyochorwa msalaba, na sanamu za wazungu wawili wakisalimiana. Mmoja ni Dkt. David Livingstone, na wa pili ni mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley. Walikutana mwaka 1871. Vitabu vingi hutaja tarehe 10 Novemba, ingawa hesabu ya Livingstone mwenyewe inaangukia siku za mwisho za Oktoba, kwa sababu wote wawili walikuwa wameugua sana njiani na kalenda zao zilikuwa zimeugua pamoja nao.

Kinachosimuliwa daima ni salamu: maneno machache ya Stanley alipovua kofia na kumkisia daktari jina. Yamerudiwa mara nyingi hata yakawa utani wa dunia nzima. Lakini katika kitabu cha kumbukumbu cha Stanley, kurasa za siku ile zilichanwa, na Livingstone hakuyaandika maneno hayo popote. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama yalitamkwa kweli.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo wote wawili wameliandika, kila mmoja kwa kalamu yake, nalo ni chakula. Stanley alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 1872. Livingstone alilieleza kwa kifupi, kama ilivyo tabia ya Waskoti: kwamba kabla ya hapo alikuwa akila mara mbili kwa siku, tena chakula kidogo kisicho na ladha, na baada ya mgeni kufika hamu ilimrudia, akala mara nne kwa siku, na baada ya juma moja alianza kupata nguvu. Salamu ina shahidi mmoja. Meza ina mashahidi wawili. Na pale penye meza lazima pawepo aliyepika.

NYUMBA ISIYO NA KITU

Livingstone alikuwa ameingia Ujiji siku chache tu kabla ya Stanley, akitokea upande wa magharibi wa ziwa, nchi ya Manyema. Alirudi akiwa amedhoofika mwili, na moyo wake ulikuwa umejeruhiwa zaidi ya mwili. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliwaona kwa macho yake wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Wengi walikufa sokoni na wengi walizama mtoni. Baada ya kuona hayo hakuweza tena kuendelea na safari pamoja na watu wale.

Alitumaini kwamba Ujiji angekuta vitambaa na shanga alizoletewa kutoka pwani, maana hizo ndizo zilizokuwa fedha za wakati ule. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mali hiyo ameiuza yote. Mzee wa miaka 58, mgonjwa, mbali na kwao, akabaki hana cha kununulia hata kibaba cha unga.

Majirani hawakumwacha. Sayyid bin Majid, mfanyabiashara wa Kiarabu mkazi wa Ujiji, alimwambia kwamba hana vitambaa ila anayo pembe za ndovu, naye yuko tayari kuuza sehemu ili amsaidie. Livingstone alimshukuru akamwomba asubiri kwanza. Jambo hili halifuti machungu ya biashara iliyokuwa ikifanyika katika mji ule, na hatuna haki ya kuyafuta. Lakini ni vema likumbukwe na sisi tunaokaa Ujiji na Kigoma, Wakristo na Waislamu ukuta kwa ukuta, ambao hadi leo tunapelekeana sahani siku za sikukuu.

Katika nyumba hiyo isiyo na kitu alikuwamo mwanamke mmoja jina lake Halima. Alikuwa mpishi. Mumewe, Amoda, alikuwa mmoja wa watu wa Livingstone wa siku nyingi. Halima alikuwa mtumwa. Livingstone alimpata kutoka kwa mfanyabiashara mmoja katika safari zake za bara. Ni ajabu kwamba mtu aliyeupigia kelele utumwa mbele ya dunia nzima alikuwa akipikiwa na mwanamke ambaye bado hajapewa uhuru wake. Historia ya jikoni haituruhusu kulipita hilo kimya kimya, na baadaye tutaona kwamba hata Livingstone mwenyewe lilimkaa moyoni.

SIKU YA WAGENI

Sasa fikirini, akina mama, hali ya mpishi huyu. Kwa siku kadhaa bwana mzee amekuwa akirudisha chakula. Anasema tumbo halitaki, anaomba kikombe cha chai tu. Kila mwanamke aliyewahi kupika ugali ukarudi jikoni bila kuguswa anajua maumivu yake: mlaji anasema anaumwa, lakini mpishi husikia kwamba mapishi yake ni mabaya. Ndivyo ilivyokuwa kwa Halima. Stanley anaandika kwamba alihofu daktari hauthamini ustadi wake.

Mara ikasikika milio ya bunduki, desturi ya misafara inapokaribia mji. Mzungu mwingine amefika! Halima akawa hashikiki. Akawa anatoka mekoni kwenda kwa bwana wake, kutoka kwa bwana wake kwenda uani, kutoka uani kurudi mekoni, akiuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa na muda wa kuyajibu. Furaha yake ilikuwa na fadhaa ndani yake: mgeni mkubwa amekuja, na ghalani hamna kitu. Alitaka kwa vyovyote umaskini wa nyumba usionekane. Nani kati yetu hajauona uso huo? Ni uso wa mama aliyesikia hodi saa saba mchana, akaangalia sufuria, akahesabu vichwa, akaanza kuongeza maji kwenye mchuzi huku akisema karibuni sana.

Yeye mwenyewe alikaanga mikate laini ya unga, ambayo kwa lugha yetu ya leo tungeiita chapati za maji. Majirani nao wakaanza kuleta. Kwa Sayyid bin Majid zikatoka sahani za vitafunwa vya moto vya nyama iliyokatwakatwa, pengine ndugu wa hizi kababu zetu. Kwa Muhammad bin Sali ukatoka mchuzi wa kuku. Muini Heri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Sahani moja haijaisha nyingine inaingia, na wageni wakazipokea zote bila ubaguzi.

Stanley alikuwa kijana wa miaka 30 mwenye tumbo imara, hivyo kula kwake hakukumshangaza mtu. Maajabu yalikuwa kwa mzee. Yule asiyeweza kula alikula akishindana na kijana katika kuzimaliza chapati, huku akirudia kusema kwamba mgeni wake amemletea uhai mpya. Si ajabu kwamba chapati zilimfaa: alipopita nchi ya Lunda meno yake yalikuwa yamelegea kwa kutafuna mahindi magumu. Baada ya chakula Stanley akamwagiza kijana wake Selim alete chupa moja ya shampeni pamoja na vikombe vya fedha, chupa iliyobebwa kichwani kutoka Bagamoyo mwendo wa siku mia mbili na zaidi kwa ajili ya saa hiyo. Wasomaji wanaolalamika kwamba soda hufika kwao ikiwa imetikiswa njiani wapate faraja hapa.

Halima alikuwa akitoa kichwa nje ya meko mara kwa mara kuhakikisha kwamba kweli barazani wapo wazungu wawili, maana kiasi cha chakula kilichokuwa kikiisha hakikumwingia akilini. Alipoamini, akawageukia watu waliokusanyika mbele ya jiko na kuwasimulia habari hizo kwa sauti iliyofika hadi barazani. Kwa maneno mengine, habari iliyotangazwa baadaye katika magazeti ya New York na London ilikuwa imekwisha kutangazwa kwanza mlangoni pa jiko la Ujiji.

SAHANI NA NASABA YAKE

Kabla hatujaendelea, tutazame kidogo soko lililomlisha daktari na mgeni wake, kwa kuwa ndilo lililowalisha pia wazee wetu. Ujiji ulikuwa na soko kubwa lililojaa samaki wa ziwani, mawese, ndizi, muhogo, mahindi, karanga, mtama, maziwa na siagi. Chumvi ilitoka Uvinza, ambako watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu karibu karne ya 5 au ya 6, kama wachimbuaji wa mambo ya kale walivyobaini.

Tunapenda kusema hiki ni chakula cha asili ya babu zetu, hasa kijana anapokataa ugali wa muhogo akitaka chipsi. Ukweli ni kwamba muhogo na mahindi vilitoka bara la Amerika, vikafika Afrika kwa vyombo vya Wareno, kisha vikapita mkono kwa mkono hadi ziwani kwetu. Maharage tunayoyapenda nayo ni ya Amerika. Mwembe uliowafunika wale wazungu wawili una ukoo wake India. Dagaa, migebuka na chumvi ya Uvinza ndio wenyeji hasa; wengine wengi mezani ni wageni waliozoeleka. Labda ndiyo sababu meza ya Kigoma haijawahi kumshangaa mgeni.

Ngano ilichelewa kuzoeleka. Waarabu waliilima huko Tabora kwa kumwagilia, nayo ilikuwa ya wenye uwezo. Wamisionari wa kwanza wa shirika la Mapadre Weupe walipofika Ujiji Januari 1879, hawakuweza kuikwepa, kwa kuwa Kanisa huadhimisha Ekaristi kwa mkate wa ngano tupu. Hivyo kwa waamini wa kwanza wa ufuko huu mkate ulikuwa kitu cha altareni kabla ya kuwa kitu cha chai ya asubuhi. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya pwani iliyokuwa ikitembea kwa miguu miezi mingi ikaanza kufika kwa siku chache. Leo hakuna mtaa wa Mwanga, Gungu au Katubuka usio na karai la maandazi alfajiri.

NOELI ILIYOUNGUA

Turudi mwaka 1871. Stanley na Livingstone walikaa pamoja, wakatembelea kwa mtumbwi upande wa kaskazini wa ziwa, wakarejea Ujiji kabla ya Noeli. Safari hii nyumba haikuwa tupu tena. Stanley alikuwa na vitambaa na shanga, na wakaazimia kufanya karamu ya Noeli kama ya kwao Ulaya. Asubuhi mapema watu wakatumwa sokoni. Akapatikana kondoo mwenye mkia mnene, wakapatikana mbuzi, mayai, maziwa mabichi, ndizi, unga laini wa mahindi, samaki, vitunguu, viazi vitamu, pombe na tembo la mchikichi. Mzee Muini Heri naye akachangia. Kwa hesabu ya vitu, haikukosekana hata punje.

Mpishi wa karamu hiyo alikuwa Feraji, mtu wa Stanley. Alipewa kazi ya kuchoma nyama, kuoka pai na kutengeneza kastadi, yaani ule mchanganyiko wa maziwa na mayai ambao kwa sekunde chache za uzembe hugeuka kuwa kitu kingine. Na uzembe ulikuwapo. Nyama ikaharibika motoni, kastadi ikaungua, karamu ya Noeli ikavunjika.

Stanley alikuwa ametoka kitandani kwa homa usiku wa jana yake. Anaandika bila haya kwamba Feraji aliponea chupuchupu kupigwa, kwa sababu tu yeye mwenyewe hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Akabaki kumkazia macho, macho ambayo anaamini yangemwangamiza mtu yeyote isipokuwa Feraji. Feraji alicheka kimya kimya tu. Na Stanley anashuku, pengine kwa haki, kwamba mpishi huyo baadaye aliketi mahali pake akazila zile pai, ile kastadi na ile nyama ambazo wazungu walizikataa, naye akaziona hazina kasoro.

Wapendwa, msomaji ana ruhusa ya kucheka. Mimi mwenyewe nimecheka. Lakini tuweke karamu hizi mbili sambamba. Zilifanyika katika mji mmoja, mbele ya wazungu wale wale, zikitofautiana kwa wiki chache tu. Ya kwanza ilipikwa katika nyumba isiyo na kitu, na mtu aliyekuwa akitetemeka kwa hamu ya kumpendeza mgeni, ikaongezewa na sahani za majirani. Nayo ilimrudishia mgonjwa hamu ya kuishi. Ya pili ilikuwa na kila kitu cha sokoni, ikapikwa na mtu aliyejua kwamba akikosea atapigwa. Nayo iliishia kwenye moshi. Sisemi kwamba wema wa moyo unatosha kuoka keki. Anayeamini hivyo ajaribu bila kupima unga. Ninasema kwamba vitu vya sokoni peke yake havijawahi kutengeneza sikukuu, na hofu haijawahi kuwa kiungo kizuri katika chungu chochote.

MAMBO YA NYUMBANI

Siku mbili baada ya Noeli ile msafara uliondoka Ujiji kuelekea Unyanyembe, karibu na Tabora. Machi 1872 Stanley alishika njia ya pwani, na Livingstone akabaki kule akingoja wapagazi hadi Agosti. Alipokuwa akingoja aliandika kumbukumbu zake kila siku, na kwa kuwa hapakuwa na mito mipya ya kupima, aliandika habari za nyumbani. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, na wanaotafuta humo chanzo cha mto Nile huzipita haraka kurasa hizi. Sisi tusizipite.

Alikuwapo mwanamke kijana aitwaye Ntaoeka, mwenye sura nzuri, ambaye hakuwa na mume. Jambo hilo liliwasumbua wanawake wengine wa msafara kuliko lilivyomsumbua yeye, nao wakataka aolewe. Mzee akaitwa kuwa mshenga. Akampa achague kati ya wanaume watatu, akamchagua Chuma. Huyu ndiye Chuma yule yule ambaye jina lake, pamoja na la Susi, limeandikwa katika historia kwa uaminifu mkubwa. Lakini siku hiyo alikuwa na kesi ya kujibu, maana alijulikana kuwa mvivu. Utetezi wake ulikuwa mfupi: ni kweli alikuwa mvivu, lakini ni kwa sababu hakuwa na mke. Aliahidi kubadilika. Hoja hii naisikia hadi leo ofisini kwa paroko vijana wanapokuja kuandikisha ndoa, na nimeona kwamba nusu ya kwanza huthibitika mara nyingi zaidi kuliko ahadi inayofuata.

Ntaoeka naye? Livingstone anaeleza kwamba baada ya ndoa alimwona akifanya kazi kutoka asubuhi hadi usiku: wa kwanza kuamka kwenye baridi, kuwasha moto, kuchemsha maji, kutwanga, kuchota maji, kutafuta kuni, kufagia na kupika. Ukimfuata leo mama mmoja wa Kibirizi au Katonga kuanzia saa kumi alfajiri, orodha yake haitapungua sana. Pengine kinu kimebadilishwa na mashine ya kusaga, na kuni zimebadilishwa na makaa. Mtu wa kwanza kuamka ni yule yule.

Halafu ikaja siku ya Halima. Yeye na Ntaoeka waligombana. Sababu haikuandikwa, na wanaojua jiko lenye wapishi wawili hawahitaji kuandikiwa. Halima akaondoka nyumbani. Mzee Livingstone, aliyezoea kutafuta mito, akaanza kumtafuta mpishi. Akaenda kwa jirani yake Sultani bin Ali na kutuma barua imfuate. Barua haikuhitajika. Halima alirudi mwenyewe, ila hakuingia. Alisimama nje. Alichotaka ni kitu kimoja tu: mwenye nyumba atoke nje kwa miguu yake na kumwambia ingia.

Livingstone alitoka. Akamwambia aingie, na akaongeza kwamba wasigombane tena. Kisha akamtafutia nguo nzito ya baridi ili ajue kwamba hakuna kinyongo. Usiku huo aliandika kwamba tangu alipompata hakuwahi kulazimika kumkemea hata mara moja. Kwamba ni mwangalifu, ana akili, haibi wala hamruhusu mumewe kuiba. Kwamba katika watu wake wote hakuna aliye bora kuliko yeye. Na akaandika ahadi: atampa uhuru wake, na watakapofika Unguja atamnunulia nyumba na shamba.

Hawakufika pamoja. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara uliondoka kuelekea kusini, na Livingstone alifariki siku za kwanza za Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Maneno yake ya mwisho katika kumbukumbu, ya tarehe 27 Aprili, yanahusu chakula: alikuwa amewatuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, kazi iliyochukua miezi mingi na kugharimu maisha ya baadhi yao. Katika majina ya watu wa safari hiyo ya mwisho, Halima yumo pamoja na Ntaoeka. Habari za nyumba na shamba la Unguja hazimo tena katika kitabu.

NANI AMESIMAMA NJE?

Wapendwa, nimesimulia haya kwa kirefu kwa sababu ya wale wanaosimama nje ya milango yetu. Mpishi wa Ujiji alitaka kutambuliwa. Mara ya kwanza alitaka chakula chake kiliwe, na mara ya pili alitaka mtu atoke kumwita. Hakuomba mshahara katika saa hizo mbili, ingawa alistahili. Wala hakuomba uhuru, ingawa alistahili zaidi. Aliomba aonekane. Na yule mzee, pamoja na mapungufu yake na ahadi aliyochelewa kuitimiza, alimwona. Ni neno zuri kwake, na pia ni onyo: wema ulioandikwa tu na kuahirishwa hadi tutakapofika Unguja unaweza kukutwa na kifo njiani.

Maisha ya ufuko wetu hayairahisishii familia kula pamoja. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, gizani, hivyo kwa majuma karibu matatu ya kila mwezi baba mvuvi huondoka watoto wanapoketi kula na hurudi wanapokwenda shule. Mwezi unapopevuka nyavu hupumzika, na hapo ndipo meza hupata baba. Mwaka 2024, uvuvi katika ziwa ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, zilikuwa siku ngumu kwa mfuko. Hata hivyo ilikuwa miezi mitatu ya akina baba wengi kugundua kwamba nyumbani kuna mtu anayeamka saa kumi, na kwamba chumvi haijipeleki yenyewe mezani.

Basi kazi ya juma hili ni ndogo. Katika Sala ya Bwana tunaomba kila siku riziki kwa Baba. Tumshukuru pia yule ambaye mikono yake huigeuza riziki hiyo kuwa chakula. Kama kuna ugali ulioungua, baba acheke kama Feraji badala ya kukaza macho kama Stanley. Kama kuna msichana wa kazi nyumbani, alipwe haki yake kwa wakati, aitwe kwa jina lake, na ale chakula kile kile mlicho nacho ninyi. Kama mama mkwe na mke wa mwana wamegombana jikoni, mwenye nyumba asijifiche nyuma ya redio akisubiri yaishe. Na kama yupo mtu wa nyumba yenu ambaye aliondoka kwa hasira, naye amekwisha kurudi lakini bado amesimama nje ya mlango, msimtumie barua wala ujumbe wa simu.

Tokeni nje, mkamwambie aingie. Chakula kisipoe.

Nawatakieni Dominika njema na meza yenye watu. Mungu awabariki.